Usimlishe farasi wa mwenzio

Kwa tunaolaza farasi banda moja huku Iringa: usimpe chakula farasi asiye wako, hata akikukodolea macho kama hajala tangu juzi. Farasi hawezi kutapika. Kopo moja la pumba za mahindi ulilompa kwa huruma linaweza kumletea msokoto wa tumbo, usiku kucha anagaagaa, na daktari wa mifugo yuko mbali. Mimi yalinikuta Julai moja ya baridi kali. Aliyempa hajajitaja hadi leo, nami sijauliza.

Siku hizi nimening'iniza kipande cha boksi mlangoni: "Nyasi tu. Akigoma kula, nipigie," na namba ya simu chini yake. Kimesaidia kuliko maneno yangu yote. Hata wako mwenyewe, ukimbadilishia chakula, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

Mengine mnayajua: lango liache ulivyolikuta, zoa samadi ya farasi wako, toroli irudi mahali pake. Na aliyeazima brashi yangu tangu Pasaka, jamani, naisubiri.