Jinsi ya kusoma muswada wa kubeba bunduki waziwazi Marekani, kama una mtu wako huko

Kila mara jimbo fulani la Marekani likileta muswada wa kuruhusu watu kubeba bunduki waziwazi, magrupu yetu ya WhatsApp hapa Kampala yanachafuka. Shangazi anatuma voisi analia eti mtoto wake wa Dallas atapigwa risasi sokoni, kijana mwingine anajibu eti yeye akishuka tu kwenye ndege ananunua bastola anavaa kiunoni, na wote wawili hawajasoma ata mstari mmoja wa huo muswada. Naandika hii kwa wenye ndugu kule na kwa wale viza imeshatoka wanasubiri tu safari, kwa sababu sheria ileile inaeza kumpa Mmarekani uhuru na ikakuacha wewe Mganda na kesi ya jela, na hicho ndo kitu hakuna mtu anaforwadi.

Kitu cha kwanza uliza ni jimbo gani. Mtu akisema "Marekani wamepitisha" usimjibu bado, kule kuna majimbo 50 na kila moja lina bunge lake. Katiba yao, Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, inalinda haki ya kuwa na silaha, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikasema kwenye kesi ya Bruen kwamba haki hiyo ya kujilinda haiishii mlangoni kwa nyumba yako, lakini namna ya kubeba bado kila jimbo linajipangia. Texas mtu anaeza kupita barabarani na bastola inaonekana kiunoni. Illinois kuvaa waziwazi mtaani hairuhusiwi. Na Waltham kule Massachusetts, penye Waganda wengi mpaka matooke unapata, bastola bila leseni usiiguse kabisa.

Ukishajua jimbo tafuta namba ya muswada pamoja na mwaka, vyote viwili. HB ni wa bunge la wawakilishi, SB ni wa seneti, California wanaandika AB badala ya HB, na Nebraska wana LB kwa sababu bunge lao lina chumba kimoja tu, hawana wawakilishi na seneti tofauti. Mwaka ni muhimu kwa sababu namba zinarudiwa: HB 910 ya Texas ya 2015 ndo ilileta ruhusa ya kuvaa bastola waziwazi ukiwa na leseni, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2016, lakini kikao kingine kitakuwa na HB 910 yake inayoongea mambo mengine kabisa. Weka namba kwenye tovuti ya bunge la jimbo hilo, au LegiScan ambayo inakusanya miswada ya majimbo yote, hapo utaona muswada umefika wapi.

Kufika wapi ndo jambo lenyewe. Sisi huku tumezoea muswada unasomwa mara ya kwanza, unaenda kamati, unarudi kusomwa mara ya pili na ya tatu, alafu unapelekwa kwa Rais ambaye ana siku 30. Kule kunafanana ila ni mara mbili, vyumba vyote viwili lazima vikubaliane maneno yaleyale, alafu gavana anasaini au anakataa, na miswada mingi sana inafia kwenye kamati bila ata kupigiwa kura. Kwa hiyo ukiona neno kama "umewasilishwa" au "uko kamati" tulia, bado hakuna kilichobadilika, na mtu wako anayeishi pale anaeza kwenda kujiandikisha kutoa maoni mbele ya hiyo kamati. Pia angalia kalenda: bunge la Texas linakaa kikao cha kawaida cha siku 140 miaka isiyogawanyika kwa mbili, yaani 2023, 2025, 2027, sasa mtu akikutumia habari ya mwaka wa katikati eti wanapiga kura leo, muulize kama gavana aliita kikao maalum, asipojua ujue imetolewa kwenye picha ya zamani.

Sasa fungua maandishi yenyewe, usiogope. Sehemu kubwa utakuta maneno yamekatwa mstari, hayo ndo yanaondolewa kwenye sheria ya zamani, na yaliyopigiwa mstari chini ndo mapya. Soma ukitafuta ni silaha gani, kwa sababu bastola na bunduki ndefu ni vitu viwili. Texas kwa miaka mingi uliweza kutembea na bunduki ndefu begani bila leseni lakini bastola kiunoni ilikuwa kosa, ilikuwa hivyo mpaka 2016. Tafuta umri. Tafuta kama leseni inatakiwa au la. HB 1927 ya Texas, iliyoanza tarehe 1 Septemba 2021, iliondoa ulazima wa leseni lakini iliandika miaka 21 na ikasema bastola inayoonekana lazima ikae kwenye mkoba wake wa kuvalia (holster), mwaka uliofuata jaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu, akasema wa miaka 18 hadi 20 hawaezi kuzuiwa kwa ajili ya umri tu na jimbo likaacha rufaa. Unaona hapo? Ukisoma muswada peke yake bila kufuatilia korti unabaki na habari nusu. Florida ndo ilionyesha vizuri zaidi, kuvaa waziwazi kulikatazwa tangu 1987, miswada ya kubadilisha ikaletwa na kukwama, alafu Septemba 2025 korti ya rufaa ikasema katazo lenyewe linavunja katiba, yaani bunge lilishindwa, korti ikamaliza.

Tafuta na mahali. Karibu kila sheria ya namna hii inaacha sehemu ambazo silaha haiingii, shule, mahakama, na maduka ya watu binafsi yana haki ya kukataa. Texas mwenye duka anabandika kibao cha 30.07, hiyo ni namba ya kifungu cha sheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi kubwa, mlangoni, na mwenye leseni akipita hapo na bastola inayoonekana amevunja sheria. Baa wanaweka kile chenye 51% kwa rangi nyekundu, maana yake zaidi ya nusu ya mapato yao ni pombe. Mama anayeogopa kwenda supamaketi amwambie mwanae atafute duka lenye kibao, yapo.

Na tarehe ya kuanza. Gavana kusaini leo haina maana sheria inaanza leo, saa zingine ni miezi. Watu wanakamatwa katikati hapo.

Sasa nakuja kwenye viza, na hapa naomba usome polepole. Juu ya sheria zote za majimbo kuna sheria ya shirikisho, na hiyo inasema mtu aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo, ya matembezi, ya kazi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, isipokuwa kwa mambo machache kama mwenye leseni halali ya kuwinda. Asiye na karatasi kabisa haruhusiwi pia. Jimbo likiandika "kila mtu anaeza kubeba bila leseni", huyo kila mtu sio mwanafunzi wetu wa F-1, yaani viza ya masomo. Adhabu tangu 2022 inafika miaka 15. Na kuwa nayo sio lazima uinunue, ata kuishika kwenye uwanja wa kulenga shabaha na marafiki wa chuo mkipiga picha ya TikTok inaeza kuhesabika, na hiyo picha ndo ushahidi wenyewe. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kumiliki, ila na yeye akipatikana na kosa la silaha anaeza kufukuzwa nchini, awe ameishi miaka 20 awe ana watoto pale. Anayesubiri hifadhi au hajui karatasi yake inasimama wapi aongee na wakili wa uhamiaji kabla hajagusa chochote, asiulize kwenye grupu.

Sisi tumezoea bunduki ya askari wa benki au wa mlangoni kwa mall, tunaipita kama tunavyopita mti, na raia wa kawaida akitaka yake lazima apate leseni kupitia polisi. Jicho hilo usilipeleke kule. Mtu mwenye bastola kiunoni Houston sio askari, usimuombe uishike, usimrekodi karibu. Polisi wakisimamisha gari na dereva ni rafiki mwenye silaha, mikono iwe mahali inaonekana, dereva aongee mwenyewe, wewe usifungue dashibodi kutafuta kitu.

Na kama kijana wako ana viza ya masomo anakaa chumba kimoja na Mmarekani mwenye bunduki, amwambie mapema, kwa heshima, ile bunduki ifungiwe kwenye sanduku na ufunguo abaki nao mwenyewe tu, isiwekwe kwenye kabati la pamoja wala kwenye gari ambalo kijana wako analiendesha.