Skani ya mifupa kwa teknishiamu: kazi ya siku moja, hatua kwa hatua

Wenzangu mnaoanza kazi kwenye kitengo cha tiba ya nyuklia, skani ya mifupa mtaifanya sana: mgonjwa huchomwa dawa yenye teknishiamu, yaani elementi inayotoa mionzi, dawa hushika mifupani, na kamera huipiga picha mionzi hiyo. Wagonjwa wa saratani ya matiti na ya tezi dume huletwa ili daktari ajue kama ugonjwa umefika mifupani. Nafuata mpangilio wa siku yenyewe. Maneno mengi yako kabla mgonjwa hajapanda kitandani, kwa sababu picha nyingi mbaya huharibikia huko.

Hatua ya 1: Kamera. Piga picha ya chanzo bapa cha kobalti-57, yaani sahani inayotoa mionzi, uone kama kamera inasoma sawasawa uso wake wote. Ukiona doa, usianze na mgonjwa yeyote kabla mwanafizikia hajaliangalia.

Hatua ya 2: Jenereta. Si ya umeme; ni chombo kinachotupatia teknishiamu. Ndani yake kuna molibdenamu-99, elementi ya mionzi ambayo hupungua kwa nusu kila saa 66. Ikimeguka huzaa teknishiamu-99m, nayo hupungua kwa nusu kila saa 6. Kwetu Tanzania jenereta huja kwa ndege kutoka nje. Ikicheleweshwa siku mbili uwanjani, karibu asilimia 40 ya nguvu yake imeshapotea, kwa hiyo wapange wagonjwa wengi siku za mwanzo.

Vaa glavu, na beji na pete ya kidoleni za kupimia mionzi unayopata. Weka maji ya chumvi ya asilimia 0.9 upande mmoja, na upande wa pili kichupa kisicho na hewa kikiwa ndani ya kasha la madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Kichupa chenyewe kitavuta maji yapite kwenye jenereta na kutoka na teknishiamu.

Kisha pima molibdenamu iliyovuja. Isizidi kilobekereli 0.15 kwa kila megabekereli 1 ya teknishiamu (bekereli ni kipimo cha nguvu ya mionzi), na kiwango hicho ni cha wakati wa kuchoma sindano. Hapo wengi hupitiwa: teknishiamu huisha haraka kuliko molibdenamu, hivyo kichupa kilichofaulu asubuhi kinaweza kuvuka kiwango mchana. Piga hesabu hadi saa ya mgonjwa wa mwisho.

Hatua ya 3: Dawa. Unga wa MDP, yaani dawa inayoipeleka teknishiamu mifupani, una bati ndani yake, na bati ndiyo inayoiwezesha teknishiamu kushikamana na dawa. Hewa ikiingia, bati huharibika na teknishiamu hubaki huru. Utaikuta imejaa kwenye tezi ya shingo na tumboni, mifupa imefifia. Usisukumie hewa kwenye kichupa hata kidogo. Pima usafi wa dawa kwa kipande cha karatasi. Ikiwa chini ya asilimia 95, mimi siitumii.

Hatua ya 4: Dozi. Mtu mzima hupewa hadi megabekereli 740 hivi. Mtoto hupimiwa kwa uzito. Ukivuta dozi saa 2 asubuhi kwa mgonjwa wa saa 4, vuta karibu 930, ili afikiwe na 740.

Hatua ya 5: Sindano. Msalimie, mwache ataje mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwanamke muulize kuhusu ujauzito na kunyonyesha mkiwa wawili tu, si mbele ya mume au mama mkwe, maana hapo jibu la kweli halitoki. Uliza pia amewahi kuvunjika wapi, kuanguka au kufanyiwa upasuaji, uandike kwenye faili. Mfupa unaopona nao huwaka kwenye picha.

Choma mkono ulio mbali na upande wenye ugonjwa, usafishe mshipa kwa maji ya chumvi. Dawa ikivujia chini ya ngozi, andika mkono gani. Kisha mweleze: “Mama, kunywa maji ya kutosha, na uende haja ndogo mara kwa mara. Dawa isiyoshika kwenye mifupa inatoka kwa mkojo.” Mgonjwa akiogopa mionzi, kaa naye umjibu yote kabla hujachoma. Ukishachoma, simama mbali kidogo mnapozungumza.

Hatua ya 6: Picha. Subiri saa 2 hadi 4. Akojoe kwanza, kisha atoe mkanda, mkufu na sarafu. Weka kamera kwenye kiloelektronivolti 140, ambayo ni nishati ya mionzi ya teknishiamu, na dirisha la asilimia 20, yaani upana wa nishati inayopokelewa, na uisogeze karibu na mwili kadiri inavyowezekana. Mwendo wa sentimita 10 kwa dakika humaliza mtu mzima kwa dakika 15 hadi 20.

Sasa tazama nyonga na mapaja kwa makini. Tone la mkojo kwenye nguo huonekana kama uvimbe mfupani, na mtu anaweza kuambiwa saratani imesambaa kwa sababu ya chupi. Ukishuku, abadilishe nguo, ngozi ifutwe, upige tena. Asiondoke kabla daktari hajaziona picha.

Hatua ya 7: Taka. Mabomba ya sindano na pamba viingie kwenye kasha la risasi lenye tarehe. Baada ya saa 60 hubaki chini ya sehemu moja ya elfu. Hata hivyo pima kwa kifaa kabla ya kutupa. Pima pia meza, sakafu na mikono yako, uandike kwenye daftari, ndipo uvue beji.