Herufi zina ukungu kwenye kompyuta? Fuata mpangilio huu kabla hujanunua kioo kipya

Juzi dada mmoja mwenye steshenari hapa Ngamiani, Tanga, aliniletea kompyuta yake ya mezani. Kutwa anachapa barua na mitihani, jioni kichwa kinamgonga. Alishapima macho, akaambiwa ni mazima. Nikaandika "rn" na "m" zikiwa pamoja: hata mimi sikuweza kuzitofautisha.

Wengi hapo hukimbilia ClearType, yaani sehemu ya Windows inayolainisha kingo za herufi. Iache iwe ya mwisho. Kila pikseli, yaani nukta ndogo inayounda picha ya kioo, ina vipande vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Sogeza kamera ya simu karibu kabisa na sehemu nyeupe, ukuze, utaviona vimejipanga. ClearType hukirekebisha kila kipande peke yake ili kingo za herufi zikae sawasawa. Picha yenye pikseli chache kuliko kioo ikishavutwa ijaze kioo, hesabu yote hiyo inavurugika, na hapo hata ukirekebisha ClearType mara kumi hupati kitu.

Hatua ya 1: Jua kosa liko wapi. Bonyeza kitufe cha PrtSc kinachopiga picha ya kioo, bandika kwenye Paint, hifadhi, kisha itume kwenye simu. Maandishi yakisomeka vizuri kwenye simu lakini kwenye kioo yana ukungu, basi Windows inachora vizuri. Picha inaharibikia njiani. Yakiwa mabaya hata kwenye simu, nenda hatua ya 4.

Hatua ya 2: Rezolusheni, yaani idadi ya pikseli za picha. Bofya kulia kwenye eneo tupu, ingia Display settings, chagua rezolusheni iliyoandikwa Recommended. Kioo cha dada ni cha 1366 kwa 768, lakini kompyuta ilikuwa imewekwa 1024 kwa 768, na kwenye orodha, ile ya kioo chake haikuwemo kabisa. Ukikuta hivyo, fungua Device Manager, tazama Display adapters. Pakiwa na maneno Microsoft Basic Display Adapter, draiva ya kadi ya picha, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi hiyo, haipo. Kwake Windows ilikuwa imewekwa upya, aliyeiweka akaisahau draiva. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta yenyewe. Zile programu zinazodai kukutafutia draiva zote kwa mpigo siziamini, nyingi huja na uchafu wake.

Hatua ya 3: Waya. Ukiona kila herufi ina kivuli pembeni na unatumia VGA, ile yenye skrubu mbili, chomoa utazame pini. Sisi watu wa pwani hewa ya chumvi inatula vyuma. Safisha, kaza skrubu, bonyeza kitufe cha Auto kwenye kioo. Kama kuna HDMI pande zote mbili, hamia huko. Wanaotumia TV badala ya kioo cha kompyuta waiweke kwenye hali ya PC, maana TV nyingi hupunguza taarifa za rangi, na maandishi ya rangi huwa ya kwanza kuchafuka.

Hatua ya 4: Sasa ClearType. Kama ni programu moja tu yenye ukungu, usiiguse ClearType. Bofya kulia ikoni ya programu hiyo, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, weka tiki kwenye Override iliyo chini, chagua Application.

Kama ni kila mahali, bonyeza Windows na R, andika cttune, Enter. Weka tiki kwenye Turn on ClearType, kisha utaonyeshwa kurasa kadhaa za mifano. Achague mwenye kompyuta, akae umbali anaokaa kila siku. Fundi aliyeinama juu ya meza haoni anachokiona yeye. Wekundu mwembamba kushoto kwa herufi na bluu kulia ni kawaida, mradi usionekane ukikaa sawasawa.

Nilimpisha dada kwenye kiti. Alipomaliza kuchagua aliandika tena "rn" na "m". Safari hii akazisoma bila kusogeza uso.