Kabla ya Julai: hisabati ya kuweka sawa ukiwa bado nyumbani

Matokeo ya kidato cha nne hutoka mwishoni mwa Januari, kidato cha tano huanza Julai. Hapo katikati kuna miezi mitano na ushee ambayo hapa Mwanza huishia kwenye moja ya sehemu mbili: kukaa dukani kwa mjomba, au tuisheni ya kujiandaa ambako wiki ya pili tu mwalimu ameshafika kwenye kalkulasi na nusu ya darasa inanakili ubaoni kama inavyonakili ratiba ya mazishi. Duka la mjomba sina ugomvi nalo. Tuisheni hiyo ndiyo inanifanya niandike.

Mimi si mwalimu wa kuajiriwa. Natunza hesabu za mnunuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, na jioni nikirudi Nyakato nawakuta vijana wa mtaani barazani na madaftari yao. Wanakuja kwangu kwa sababu wanajua nilirisiti hisabati mara mbili kabla ya kupata chuo cha uhasibu. Aliyeanguka shimoni mara mbili analijua shimo lilipo.

Mwaka jana, Februari, alikuja mpwa wangu, binti wa kaka. Ana C ya hisabati na anaitaka EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati. "Shikamoo shangazi, nimekuja na kitabu." Kitabu chenyewe ni cha kidato cha tano, kinene, kimenunuliwa kwa pesa ya kaka yangu. Nikaitikia marahaba, nikakichukua, nikakiweka juu ya kabati. Halafu nikamwandikia maswali kumi kwenye karatasi, yote ya darasa la tano hadi la saba. Akacheka. La tatu lilikuwa hili: 10 − 4 + 3. Akaandika 3.

Nikamuuliza amefikaje hapo. "Shangazi, si MAGAZIJUTO? Jumlisha inatangulia toa." Kwa hiyo 4 + 3 ni 7, na 10 − 7 ni 3. Nikamwambia: una elfu kumi mkononi, unanunua nyanya za elfu nne, njiani baba anakuongezea elfu tatu, unafika nyumbani na shilingi ngapi? "Elfu tisa." Akanyamaza, akaangalia karatasi.

Hilo nalikuta kwa watu wengi kuliko unavyoweza kudhani, wakiwemo wenye B. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) ni mnemoniki nzuri kwa mtoto wa darasa la nne, lakini inasoma kama foleni ya watu watano, kila mmoja na nafasi yake. Sivyo. Gawanya na zidisha wamekaa benchi moja. Jumlisha na toa nao benchi moja. Walio benchi moja unawahudumia kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Jambo la ajabu ni kwamba ukikosea kwenye benchi la kwanza, ukatanguliza kugawanya kila mara, jibu linatoka lile lile, kwa hiyo miaka yote hakuna anayekusahihisha. Kosa linakuuma kwenye jumlisha na toa peke yake, na huko nako hujificha, kwa sababu maswali mengi ya shule huanza na kujumlisha. Kisha unafika kidato cha tano, unakutana na mstari wenye alama za kutoa sita na mabano matatu, na unaamini kwamba kalkulasi ndiyo ngumu.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya kununua kitabu chochote: jipime kwa mitihani ya chini, si ya juu. Chukua mtihani wa hisabati wa darasa la saba, kaa nao saa nzima bila kikokotoo (nasema kile cha mkononi, si kile cha mafao ya wastaafu), halafu usahihishe kwa kalamu nyekundu kama mtu asiyekupenda. Kisha wa kidato cha pili. Pale ambapo alama zinaanza kudondoka ndipo unapoanzia, hata kama ni chini kuliko heshima yako. Mpwa wangu alianzia kitabu cha darasa la sita. Alikijalidi kwa gazeti ili wenzake wasikione, na wala sikumcheka.

Hesabu za sehemu zinataka muda zaidi ya kitu kingine chochote. Nikiambiwa nichague mada moja tu ya kumpa mtu kabla hajaenda shule, nitachagua hiyo. Tuje mwaloni. Dagaa rejareja tunapima kwa kisado, lile kopo la rangi la lita 4. Debe la lita 20 ni visado vitano. Mtu akichukua nusu kisado asubuhi na theluthi ya kisado mchana, amechukua kiasi gani? Karibu kila Alhamisi kuna kijana anayeniandikia 2/5: kajumlisha kiasi na kiasi (namba za juu), asili na asili (za chini). Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu. Yaani amechukua nusu, akaongeza, na dagaa wakapungua! Hakuna mama mwaloni atakayekubali hesabu hiyo, hata asiyejua kusoma. Anayekumbuka KDS, kigawe kidogo cha shirika, ataona kuwa KDS ya 2 na 3 ni 6, nusu ni tatu za sita, theluthi ni mbili za sita, jumla tano za sita. Kopo karibu lijae.

Kugawanya kwa sehemu nako kunasomeshwa kama uganga: "geuza ya pili, zidisha." Ukimuuliza mtu kwa nini, hana jibu. Muulize badala yake nusu kisado ina robo ngapi ndani yake. Mbili. Hiyo ndiyo 1/2 ÷ 1/4, na jibu limekuwa kubwa kuliko vyote viwili bila maajabu yoyote. Fanya maswali ya namna hii hadi yakuchoshe, kwa sababu kwenye aljebra ya kidato cha tano sehemu hizo hizo zinarudi zimevaa herufi. Asiyeweza 1/2 + 1/3 hawezi 1/x + 1/2, hata akeshe.

Na kwa kuwa tumefika kwenye herufi: kuna ugonjwa wa kukata. Mtu anaona (x + 6)/6, anakata 6 na 6, anabaki na x, anaendelea na safari. Dawa yake ni ya sekunde kumi. Weka namba mahali pa x. Ukiweka 6, juu ni 12, chini ni 6, jibu ni 2. Wewe ulisema ni 6. Vivyo hivyo kwa anayeandika kwamba (a + b)² ni a² + b²: weka 3 na 4, upande mmoja unapata 49, mwingine 25. Mazoea ya kuweka namba ili kujikagua ndiyo ningependa kila mtu aende nayo shuleni, maana huko mwalimu ana wanafunzi wengi na hatakuwa pembeni yako usiku.

Asilimia wengi wanadhani wanazijua. Bei ya gunia ikipanda kwa asilimia 20 kisha ikashuka kwa asilimia 20, imerudi ilipokuwa? Anza na 10,000: inakuwa 12,000, kisha asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400, unabaki na 9,600. Aliyekuambia hakuna hasara amekula mia nne yako. Swali la kuuliza daima ni asilimia ya nini.

Wastani wa mwendo ni ndugu wa mtego huo. Daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kama kilomita 3. Ukilivuka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 20, wastani wako si 40. Kwenda ni dakika 3, kurudi ni dakika 9, jumla kilomita 6 kwa dakika 12, yaani kilomita 30 kwa saa. Swali hilo lilimkasirisha mpwa wangu siku nzima. Alikuwa sahihi kukasirika. Ndiyo dalili kwamba alikuwa anafikiri.

Lugha. Darasa la saba tulijifunza kiasi na asili, KDS na KKS (kigawo kikubwa cha shirika), mzingo na kipenyo, kisha kidato cha kwanza vyote vikabadilishiwa majina kwa Kiingereza ndani ya wiki moja, na wengi wetu tukadhani ni vitu vipya. Tengeneza daftari la safu mbili, Kiswahili huku na Kiingereza huku, na safu ya tatu nyembamba ya mfano. Usiishie kwenye majina makubwa. Maneno madogo ndiyo yanayoua kwenye maswali ya maelezo: "angalau", "isiyozidi", "kwa kila", "mara mbili zaidi ya". Andika Kiingereza chake, na mbele yake alama yake. Nimeona watu wanaojua kutatua mlinganyo vizuri kabisa wakiukosa kwa sababu walisoma "isiyozidi" kama "inayozidi".

Kikokotoo utaruhusiwa mbele ya safari, na hapo ndipo kinapoweza kukuharibu. Kwenye mtihani wa hisabati wa kidato cha nne hukuwa nacho, ukalazimika kukadiria. Usiache. Siku moja nilizidisha magunia 38 kwa shilingi 72,000, mashine ikaniambia 27,360,000, nikaanza kuandika hati. Mkono ukasita. Arobaini mara elfu sabini ni milioni mbili na laki nane; milioni ishirini na saba imetoka wapi? Nilikuwa nimebonyeza sifuri moja zaidi. Kadiria kwanza, bonyeza baadaye.

Haya si ya wana EGM na PCM (fizikia, kemia, hisabati) tu. Wa PCB (fizikia, kemia, biolojia) na CBG (kemia, biolojia, jiografia) huwa na BAM, hisabati tumizi ya msingi, inayowasubiri, kwa hiyo wasidhani wameikimbia hisabati. Anayewaza uuguzi atakutana na dripu: mililita 1,000 kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa kila mililita. Ni matone 20,000 kwa dakika 480, kama matone 42 kwa dakika. Ni uwiano mtupu wa darasa la saba, ila nukta ya desimali ikihama hatua moja mgonjwa anapata mara kumi. Wa ufundi watataka eneo, ujazo na vizio. Wa uvuvi pale Nyegezi nao hawataepuka grafu na asilimia.

Vitabu visikutishe kwa bei. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure kwa simu, na mjini ipo Maktaba ya Mkoa, penye meza na kimya kuliko nyumbani kwenye redio. Ila kitu ninachokipenda kuliko vyote, na vijana wengi hawakijui, ni taarifa za NECTA, Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Kwa kila swali wanaeleza watahiniwa walikosea wapi, na wanaweka picha za majibu yenyewe, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa wenyewe. Soma majibu mabaya kwanza. Ukikuta moja unalofanana nalo, umeokoa wiki mbili.

Muda: dakika 45 kila siku zinashinda Jumamosi nzima. Fanya asubuhi kabla jua halijawa kali na kabla hujatumwa mwaloni. Tumia kaunta buku moja, usitumie karatasi zinazopeperuka, na usifute makosa. Yapige mstari yabaki yanaonekana. Tafuta mwenzako mmoja, asiwe hodari sana, mtu wa kukuuliza "kwa nini?" tu. Makundi ya watu wanane huishia kwenye stori za Simba na Yanga.

Kitabu kinene nilikishusha juu ya kabati mwanzoni mwa Mei. Alisoma sura ya kwanza akatulia, ya pili akakwama mahali, akarudi mwenyewe kwenye kile kilichojalidiwa kwa gazeti bila kuambiwa. Alipopangiwa shule tukaipitia pamoja fomu ya kujiunga: godoro, ndoo, fagio, taulo, na mkebe wa vifaa vya hisabati. Vya nyumbani tulivipata Makoroboi kwa siku moja. Siku ya safari, stendi ya Nyegezi, kondakta alitaka kuuweka mfuko wa madaftari kwenye buti chini ya ndoo, mpwa wangu akakataa, akaupakata.