Kupima sumu ya kome na kombe: kutoka ufukoni hadi maabara, kusini-mashariki mwa Alaska

Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hii, husema maji yakipwa, meza imetandikwa. Lakini mezani huweza kuwapo saksitoksini, sumu inayotengenezwa na kiumbe kidogo cha baharini kiitwacho Alexandrium. Haina rangi wala harufu, na haiondoki kwa kuchemsha wala kugandisha. Jimbo la Alaska hupima samakigamba wa biashara. Mtu anayeokota wa kula nyumbani hana ufuko uliothibitishwa. Ndiyo maana Sitka Tribe of Alaska, kabila la wenyeji wa asili wa Sitka, waliamua kuwa na maabara yao, na makabila jirani hupeleka sampuli huko.

1. Anza na maji. Kila wiki, kokota wavu wa planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) wenye matundu ya mikroni 20, kisha tazama tone chini ya hadubini. Ukiona Alexandrium, hata wachache, ongeza kasi ya kupima nyama. Usipowaona, usitangaze usalama: maji husafika upesi, kombe hawasafiki upesi. Na usingoje bahari igeuke nyekundu; sumu huweza kuwa kali maji yakiwa maangavu kabisa.

2. Chagua aina. Kome hufyonza sumu haraka na kuitoa ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo hao ndio kengele yako. Kombe wakubwa, Saxidomus gigantea, huweza kuishikilia hadi miaka miwili, nyingi ikiwa kwenye mrija wao wa kuvutia maji. Usichanganye aina mbili katika mfuko mmoja. Jibu la kome halisemi lolote juu ya kombe waliofukiwa hatua tatu kutoka hapo.

3. Okota. Nenda siku za bamvua, ufike saa moja kabla maji hayajamaliza kukupwa. Unahitaji gramu 100 hadi 150 za nyama: kombe wakubwa 10 au 12 hutosha, kome huenda wakafika 30 na zaidi. Wachukue sehemu mbalimbali za ufuko, si shimo moja. Aliyeachama na hafungi ukimgusa, mwache.

4. Funga na peleka. Andika aina, ufuko, tarehe na saa kwa penseli kwenye karatasi isiyoloa, uitie ndani ya mfuko. Wino wa juu ya mfuko hufutika. Tumia vifurushi vya jeli baridi. Barafu ya kawaida ikiyeyuka, kombe hulowa maji yasiyo na chumvi na kufa njiani. Kugandisha nako kuna hila yake: nyama ikiyeyuka hutoa majimaji yenye sumu, na ukiyamwaga utapata kipimo cha chini kuliko ukweli.

5. Andaa nyama. Osha magamba kwa maji yasiyo na chumvi, kata misuli inayoyafunga, suuza mchanga. Usiwapashe moto ili wafunguke, wala usichane mwili. Tandaza nyama kwenye chujio kwa dakika 5, kisha saga hadi iwe uji laini. Uji wenye mabonge hutoa majibu yasiyolingana, maana kipande kimoja cha mrija kinaweza kupotosha kipimo kizima.

6. Kamua sumu. Pima gramu 5 za uji, ongeza mililita 5 za asidi ya hidrokloriki ya 0.1 M, tikisa. Pima pH, yaani ukali wa asidi: iwe kati ya 3 na 4. Hapa ndipo wengi huharibu. pH ikishuka mno, wanamimina alkali kwa pupa, nayo inaiua sumu pale inapoangukia. Sampuli hatari inatoka ikionekana safi. Tia tone moja moja huku ukikoroga. Chemsha kwenye maji yanayotokota dakika 5, poza, pima pH tena, jaza hadi mililita 10, kisha zungusha kwenye mashine ya sentrifugi. Majimaji ya juu ndiyo yanayopimwa.

7. Soma jibu. Kikomo ni mikrogramu 80 za sumu kwa gramu 100 za nyama. Mikrogramu 70 ni chini ya kikomo, lakini kama wiki iliyopita zilikuwa 20, mwambie mtu asiokote. Tangaza jibu pamoja na aina, ufuko na tarehe. Likikosa kimoja, usilitoe.

Midomo na ulimi vikianza kufa ganzi baada ya mlo, piga simu ya dharura papo hapo: sumu hii haina dawa ya kuiondoa, na pumzi ikishindwa mgonjwa huhitaji mashine. Mabaki ya chakula hicho yafungeni, yatiwe kwenye friji, yapelekwe yapimwe.