Mwanakikundi aliyebaki pembeni: mwongozo kwa kiongozi wa kikundi cha chuo

Mhadhiri akipanga watu sita, mara nyingi wanne wanafahamiana tangu mwaka wa kwanza na wawili ni wageni kwao. Kazi ikigawanywa usiku hosteli, hao wawili wanaokaa mtaani hawapo. Mwisho wa muhula wanaambiwa wamedandia, ilhali walifungiwa mlango wiki ya kwanza.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kifanyike chuoni, mchana. Anayerudi Mbagala kwa daladala, au mama aliyeacha mtoto nyumbani, hawezi kukusubiri hadi saa mbili usiku. Kabla ya kugawa chochote, kila mmoja apewe dakika mbili aseme anapatikana lini, ana kompyuta au simu tu, na sehemu ipi ya kazi anaiweza. Usianze na rafiki zako. Wakishachagua, wageni wanabakiziwa makombo.

Makombo yenyewe ni kuchapa na kutoa kopi. Usimpe mgeni hayo. Mpe sehemu ambayo wengine wanaisubiri, kwa mfano jedwali la takwimu ambalo mwandishi wa uchambuzi hawezi kuanza bila kuliona. Hapo atatafutwa, ataulizwa, na maoni yake yatakuwa na uzito. Mpangie mwenza mmoja kwa sehemu ya kwanza tu, na tarehe ya mwisho ya kikundi chenyewe iwe siku tatu kabla ya kukusanya kazi.

Jadilianeni kwa Kiswahili, Kiingereza kije wakati wa kuandika. Aliyesoma Bujumbura au Bukavu kwa Kifaransa akichek­wa lafudhi mara moja, hafungui tena mdomo. Kata utani huo palepale, mbele ya wote.

Kwenye WhatsApp, maamuzi huzama chini ya utani wa marafiki. Andika ujumbe mmoja: nani, nini, siku gani, kisha ubandike juu. Uwe wa maandishi, maana sauti ya dakika sita haimfai mwenzenu kiziwi.

Mtu akinyamaza, usimuulize kundini “mbona huchangii?” Atajitetea au atatoweka. Mwandikie pembeni: “Jedwali umefikia wapi? Umekwama wapi nikusaidie?” Siku mbili zikipita kimya, mpigie. Asipofanya kabisa, mweleze yeye kwanza kabla ya kumfikishia mhadhiri.

Siku ya kuwasilisha, mwenye kigugumizi au woga achague mwenyewe kipande chake, hata kama ni kueleza jedwali lake kwa dakika mbili. Fanyeni mazoezi naye jana yake, ikiwezekana katika chumba kilekile.