Kupeleka askari mlimani: niliyojifunza kwenye haikingi

Nimevaa gwanda miaka kadhaa na likizo napanda milima kwa raha zangu (ndo haikingi yenyewe), na aisee mengi ya kutembeza platuni, yaani kikosi cha askari kama 30 hivi, nimeyajulia huko likizo. Twende.

Hatua ya 1: usipige hesabu ya kilomita peke yake. Kuna kanuni ya Naismith, mpanda milima wa Scotland, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, halafu saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mpando wa mita 900 inakuja kama masaa manne, ila hiyo ni ya mtu mkakamavu mwenye kabegi kepesi. Mwenye silaha, maji na risasi mi namwongezea nusu, yanakuwa sita, usiku naongeza tena. Na hesabu kontua (ile mistari inayoonyesha mwinuko) moja moja kwenye ramani, macho yanadanganya.

Hatua ya 2: vizito vibane mgongoni, visining'inie nje ya begi, maana kwenye mawe begi likiyumba na wewe unaenda nalo.

Hatua ya 3: anza safari ukisikia baridi kidogo. Ukiondoka na jaketi dakika kumi tu umelowa jasho, mkisimama linakugandisha. Baada ya dakika 15 hivi simamisheni, watu wakaze kamba za buti, wavue cha kuvua.

Hatua ya 4, na hapa ndo vikosi vingi vinaharibikiwa: mwendo. Chukua watu 30 wanavuka korongo lenye mawe, kila mmoja sekunde kumi, mmoja mmoja. Wa mwisho anavuka dakika tano baada ya wa kwanza, sasa kama wa mbele kaendelea na mwendo wake ule ule wa kilomita 3 kwa saa, ashaacha pengo la mita 250 na huyu wa nyuma itabidi akimbie na mzigo. Siku moja nilikuwa mimi huyo wa nyuma, nafika nahema, wenzangu washapumzika, kamanda ananiona tu anasema "haya, twende", yaani mapumziko yangu yakawa sifuri, na mlima mzima ukawa hivyo hivyo. Kwa hiyo wa mbele akishavuka asogee mpaka penye maficho panapowatosha wote, asubiri idadi ipitishwe mdomo kwa mdomo kutoka nyuma, na wa mwisho akifika apewe pumzi yake ndo mnyanyuke.

Hatua ya 5: wapanda milima tunapenda kutembea juu kabisa ya mgongo wa mlima, njia rahisi na unaona mbali. Askari hapana, pale unaonekana kama kivuli mbinguni. Shuka kidogo upande usiotazama adui, ila kukata mteremko kwa ubavu kunachosha vifundo vya miguu balaa, muda uongeze.

Hatua ya 6: kushuka. Watu wakiona wanashuka wanaachia, na hapo magoti yamechoka, vifundo vinateguka. Hatua fupi, goti likunje kidogo, na kabla ya kuanza kushuka kaza buti upya ili vidole visigonge mbele. Anayesikia panawaka mguuni aseme hapo hapo, abandike plasta, asingoje lengelenge. Dakika mbili za plasta au watu wanne kubeba machela, chagua.